Kukaribishwa shuleni si kuwa wa shule

Shule nyingi za sekondari mijini siku hizi hutangaza kwamba zimeunda nafasi ya kila mwanafunzi kujiona sehemu ya shule. Ukiuliza nafasi hiyo iko wapi, unaonyeshwa chumba chenye mito na ukuta uliopakwa rangi, au unasomewa orodha ya vilabu. Dhana imevutwa huku na huku hadi inakaribia kukosa maana.

Maana yenyewe ni fupi. Kujiona sehemu ya shule ni kiwango ambacho mwanafunzi anahisi walimu na wenzake wamemkubali, wanamheshimu, wanamhusisha na wanamuunga mkono. Hivyo ndivyo Carol Goodenow, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alivyoieleza mwaka 1993, alipochapisha dodoso la kuipima. Nafasi ya kuunga mkono hisia hiyo ni ule utaratibu wa shule unaoiwezesha kuota mizizi: nani anamjua nani, nani anasikilizwa, nani anapewa kazi gani.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Watu wanachanganya ukarimu na uenyeji. Mwanafunzi mpya anapigiwa makofi paredi, anazungushwa madarasani na kupewa fulana ya shule, kisha tunaambiwa tayari ni mwenzetu. La hasha, huyo bado ni mgeni, tena mgeni aliyekirimiwa vizuri. Wahenga waliitambua tofauti hii: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutaja msemo huu kumtania mgeni asiyeaga, ila ndani yake mna jambo zito zaidi. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Mwenye jembe ana sehemu yake shambani, asipofika ataulizwa yuko wapi, na akiona mstari umepinda ana haki ya kusema. Mgeni hulalamika kwa wasiwasi. Mwenyeji hulalamika kwa sababu pale ni kwake. Kwa hiyo mwanafunzi anayekosoa ratiba ya mitihani mbele ya mwalimu bila kuogopa huenda amejiona wa shule kuliko yule anayetabasamu kwenye kila picha ya tovuti.

Dodoso lenyewe la Goodenow linaunga mkono jambo hili. Lina kauli 18, na inayotaja moja kwa moja kuhusishwa katika shughuli za shule ni moja tu. Nyingine zinauliza kama wenzangu wanayachukulia maoni yangu kwa uzito, kama kuna walau mtu mzima mmoja hapa ninayeweza kumwendea nikiwa na shida, kama watu wanaona ninapofanya vizuri, kama ninaweza kuwa mimi mwenyewe, kama natamani ningekuwa shule nyingine. Chumba cha mito hakijibu hata moja kati ya hizo. Na anayejibu ni mwanafunzi, wala si mkuu wa shule, jambo ambalo ripoti nyingi hulipita kimyakimya.

Shule ya mjini ina ugumu wake. Wanafunzi ni wengi, wanatoka mitaa iliyo mbalimbali, na kila somo lina mwalimu wake, hivyo mtoto anaweza kufundishwa na walimu wanane kwa wiki na asiwepo hata mmoja anayejua kwamba amehama nyumba. Wengine huhamia katikati ya mwaka, urafiki ukiwa umeshagawanywa. Vilabu hufanyika jioni, saa ambayo wengine wanakimbilia basi, kazi au wadogo zao. Ndiyo maana shule zinazolichukulia jambo hili kwa uzito humkabidhi kila mwalimu kikundi kidogo cha kulea kwa miaka kadhaa, huzungusha majukumu ili yasiishie kwa viranja walewale, na huhakikisha kwamba mtu anayemjua mtoto ndiye anayepiga simu asipoonekana. Hayo hayapendezi kwenye picha.

Kosa la pili ni dogo, lakini linaumiza zaidi: kumwambia mwanafunzi mkimya "jichanganye." Kujichanganya ni kujirekebisha hadi ufanane na wengine: kubadili lafudhi, kuficha jina la nyumbani, kucheka mzaha usiokuchekesha. Anaweza kufaulu katika hayo yote na bado akajiona mpangaji. Ushauri huo unamtwika mtoto mzigo ambao sehemu yake kubwa ni ya shule. Mwaka 2023, Gregory Walton, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo 22 vya elimu ya juu. Zoezi fupi la kuwaeleza wanafunzi wapya kwamba wasiwasi wa kutojiona wa pale huwapata wengi na hupungua kadiri muda unavyokwenda liliwasaidia wale ambao chuo chao kiliwapa watu wa aina yao fursa ya kweli ya kujiona wa pale. Pasipo fursa hiyo, maneno hayakufua dafu. Hao ni wa vyuo, najua, lakini sioni kwa nini mtoto wa miaka 15 atarajiwe kufanya zaidi.

Basi, mkuu wa shule aliyefungua chumba kipya aseme amefungua chumba, na tutampongeza kwa chumba. Hilo jina lingine, la nafasi ya kujiona sehemu ya shule, alihifadhi mpaka wanafunzi wenyewe waulizwe, wakianza na waliohamia muhula huu.