Mvua "za wastani" na mahindi yaliyoungua: maelezo kwa wakulima wa Tabora kuhusu utabiri wa msimu

Kila baada ya mavuno mabaya sisi wa hali ya hewa tunapokea malalamiko ya aina moja, yawe yametoka Uyui, Sikonge, Nzega au Igunga: "Mlisema mvua zitakuwa za wastani, mbona mahindi yangu yameungua?" Wanaouliza ni watu waliopoteza chakula cha mwaka mzima, nao wana haki ya kujibiwa. Jibu lipo, lakini linaanza na kusahihisha swali lenyewe.

Utabiri wa msimu hulinganisha mvua inayotarajiwa na ile iliyozoeleka katika eneo kwa kipindi cha miaka 30. Ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya mazoea hayo, tunasema ni ya wastani. Chukua eneo lililozoea milimita 900 kwa msimu: milimita 675 ni wastani, na milimita 1,125 ni wastani vilevile. Tena hiyo ni jumla ya kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua inaweza kumwagika Desemba hadi madaraja yakakatika, ikapotea wiki tatu kuanzia mwishoni mwa Januari, ikarudi Machi na kujaza majaruba ya mpunga, na mwisho wa hesabu msimu ukawa wa wastani bila mtu yeyote kudanganya. Mmea wa mhindi haunywi jumla. Unakunywa maji ya wiki hii, na yakikosekana katika wiki mbaya, mvua ya Machi haiwezi kurudisha kilichopotea.

Wiki mbaya kuliko zote ni zile za kutoa mbelewele na ndevu. Mahindi huhitaji takribani milimita 500 hadi 800 kwa msimu, lakini ukavu wa siku kumi na nne wakati wa kuchanua huumiza kuliko ukavu wa muda huohuo mmea ukiwa wa urefu wa goti. Ndevu huchelewa kutoka, chavua inamwagika bila kupokelewa, na gunzi linabaki na mapengo. Juu ya ukavu kuna joto. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto inayozidi 30 kwa siku moja ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale maji yalipokuwa ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 pale palipokuwa na ukame. Siku za namna hiyo zikirundikana kumi au kumi na tano katika msimu mmoja, piga hesabu mwenyewe.

Kwa Tabora mambo hayo mawili huja pamoja. Mwezi wetu wa joto kali ni Oktoba, kabla ya kupanda. Januari na Februari hupoozwa na mawingu. Mvua ikikatika, mawingu yanaondoka, jua linapiga moja kwa moja, na mhindi unapata kiu na joto kwa wakati mmoja. Joto la muda mrefu pia huharakisha ukuaji, hivyo punje zinapata siku chache za kujaa. Mkulima huona shamba limekomaa mapema, akafurahi, kisha anashangaa kwenye mizani.

Wako wanaosikia kwamba dunia imeongezeka joto kwa nyuzi 1.1 tu, ukilinganisha muongo wa 2011 hadi 2020 na nusu ya pili ya karne ya 19, wakasema nyuzi moja ni kitu gani. Kila nyuzi moja huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hewa ya namna hiyo hufyonza maji ya udongoni na kwenye majani kwa kasi zaidi, na inapoyaachia huyaachia kwa kishindo. Mafuriko na ukame ndani ya msimu mmoja havipingani. Chanzo chake kinaweza kuwa kimoja.

Tunaambiwa pia kwamba yote haya yameletwa na ukataji miti wa hapa kwetu, hasa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Miombo ikikatwa udongo hupoteza kivuli na maji hutiririka badala ya kuzama, kwa hiyo madhara yapo na ni makubwa. Lakini joto la dunia chanzo chake kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, vingi vikiwa mbali sana na Urambo. Kupanda miti ni lazima, ila asiwepo wa kudhani kwamba akipanda miti mwaka huu ataacha kuhitaji mbegu inayowahi kukomaa. Na wanaosema hewa ukaa, itokanayo na uchomaji huo, ni chakula cha mimea wanasema nusu ya jambo: maharage, karanga, mpunga na mihogo hunufaika kiasi, mahindi na mtama karibu hayanufaiki, na hakuna mmea unaonufaika kama hauna maji.

Majirani zetu wa Kigoma wana shida zao. Maharage ya Kasulu na Buhigwe huangusha maua usiku unapokuwa wa joto kupita nyuzi 20 na kitu, hata kama mvua ipo. Mchikichi nao una kumbukumbu ndefu: ukipata ukame leo huelekea kutoa maua mengi ya kiume, na upungufu wa mikungu huonekana miaka kama miwili baadaye, wakati mwenye shamba ameshausahau ukame wenyewe.

Sasa kupanda. Mvua ya kwanza ya Novemba inayonyesha jioni moja na kutuliza vumbi haijawa mvua ya kupandia. Sisi hutazama kama zimekusanyika takribani milimita 20 ndani ya siku chache zinazofuatana, na kama hakuna dalili ya ukavu wa siku kumi au zaidi baada ya hapo. Hilo la pili halionekani kwa macho, ndiyo sababu kuna utabiri wa siku kumi. Usomeni. Utabiri wa msimu ni wa kuchagua mbegu na ukubwa wa shamba; wa siku kumi ni wa kuamua siku ya kupanda, kuweka mbolea na kupalilia. Anayesoma ule wa Oktoba tu kisha akanyamaza hadi Aprili hajautumia utabiri.

Hapa lazima niseme habari ya sheria, kwa sababu kila msimu makundi ya simu hujaa "utabiri" usio na mwenyewe. Chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019, kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa kwa umma ni jukumu la Mamlaka. Taarifa halali huwa na tarehe ya kutolewa, kipindi inachohusu, na eneo. Ikikosa kimojawapo, usiisambaze. Ilinganishe kwanza na ile iliyotangazwa na Mamlaka, redioni au kwa afisa ugani. Vilevile, chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuchapisha kwa mtandao habari unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Sisemi haya kumtisha mzee aliyepeleka ujumbe kwa wanawe kwa wema. Nasema kwa sababu ujumbe mmoja wa "mvua zimeanza rasmi" humwagisha watu mbegu kwenye vumbi.

Shambani, yenye faida kubwa hapa kwetu ni machache. Tayari tunalima kwa matuta. Yafunge, yaani weka vizuizi vidogo vya udongo ndani ya mfereji kila baada ya hatua chache, ili mvua ya kishindo ibaki shambani kusubiri ukavu. Gawa mahindi kwa tarehe mbili za kupanda na mbegu mbili zenye siku tofauti za kukomaa, yasichanue yote katika wiki moja. Kaskazini, Igunga na sehemu za Nzega, mtama na viazi vitamu vipewe nafasi kubwa zaidi. Familia yenye michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) ndani haiuzi ng'ombe Februari. Karanga zilizopata ukame mwishoni ndizo hushambuliwa zaidi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hivyo zikaushwe upesi na zisiwekwe ndani zikiwa na unyevu. Kwa mbegu zinazofaa udongo wako, waulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi. Hilo ni lao.

Na mkija kulalamika, njooni, lakini njooni na tarehe. Tunahitaji jina la kijiji, siku uliyopanda, aina ya mbegu, siku mahindi yalipochanua, na siku ambazo mvua ilinyesha. Kama shule au zahanati ya jirani ina kipimamvua, omba takwimu zake. Kipimo husomwa saa tatu kamili asubuhi kila siku, mvua ikiwepo au isiwepo, na siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi kwetu haina maana ya sifuri, ina maana kwamba hakuna aliyesoma.