Kirusi chenye jeni za usanisinuru hakijipikii chakula

Wengi wakisikia kwamba virusi vya sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa nuru) wa baharini hubeba jeni za usanisinuru, hudhani kirusi kinajipikia chakula kwa jua, au kinamsaidia bakteria aishi. Yote mawili si kweli. Nje ya seli, kirusi hicho ni DNA ndani ya ganda la protini, basi. Klorofili hakina.

Jeni inayojulikana zaidi ni psbA, iliyoripotiwa mwaka 2003 katika kirusi S-PM2 kinachoshambulia Synechococcus, mmoja wa sianobakteria hao. Hutengeneza protini D1, iliyo kitovuni mwa mfumo wa pili wa nuru, mmoja wa mitambo miwili ya seli ya kuvuna nuru. D1 huharibiwa na mwanga uleule inaoutumia, kwa hiyo seli hulazimika kuibadilisha kila mara. Kirusi kikivamia, jeni za mwenyeji, yaani bakteria aliyevamiwa, hufifia. Bila D1 mpya, nishati ingekatika kabla virusi vichanga havijakamilika. Hapo psbA ya kirusi hushika zamu. Seli huendelea kuvuna nuru kwa saa kadhaa, kisha hupasuliwa.

Mizigo ya jeni hutofautiana. Baadhi ya virusi huongeza psbD, ya protini D2, mwenzi wa D1. Mwaka 2009 zikaripotiwa hata jeni za mfumo wa kwanza wa nuru. Virusi vingine vina jeni cp12, inayobana njia ya kutengeneza sukari ili nishati iende kwenye DNA mpya.

Nasi tunaoona utando wa kijani Ghuba ya Murchison, karibu na Ggaba nchini Uganda, tusiihamishie picha hiyo ya baharini Ziwa Viktoria nzimanzima. Microcystis, sianobakteria wa utando huo, ni wa maji yasiyo na chumvi, na kirusi chake Ma-LMM01, kilichopatikana Japani, hakina psbA. Kina jeni nblA, ya kubomoa antena za kunasia nuru.