Kufuta Jina Hakutoshi: Wajibu wa Mtafiti wa TEHAMA kwa Watu Walio Ndani ya Data

Katika miradi mingi ya TEHAMA, mtafiti hufuta safu ya majina kwenye jedwali, kisha hulihesabu kuwa salama na kuanza kuligawa. Madhara mengi huanzia hapo. Mtu hatambuliwi kwa jina pekee. Mambo madogo yasiyo na hatari kila moja likiwa peke yake, yakikutanishwa humfichua.

Latanya Sweeney, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alilionyesha hilo kwa kutumia sensa ya nchi hiyo ya mwaka 1990: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na postikodi ya tarakimu tano zilitosha kuwapambanua takribani asilimia 87 ya wakazi. Mwaka 2006 kampuni ya huduma za intaneti ya AOL ilitoa kumbukumbu za utafutaji mtandaoni za watumiaji wapatao 650,000, kila mmoja akiwa amepewa namba badala ya jina. Haikupita wiki nyingi waandishi wa habari wakambaini mtumiaji mmoja kwa kusoma tu mambo aliyokuwa akiyatafuta. Data za mahali ni kali zaidi: uchambuzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya visa.

Kosa linalojirudia sana ni la namba za simu. Mtafiti huzipitisha kwenye kanuni ya kihesabu inayozigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, akaamini kuwa hazirudishiki. Kanuni yenyewe ni imara. Tatizo ni uchache wa namba. Namba yenye tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi ina uwezekano usiozidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida huweza kuzipitisha zote kwenye kanuni ileile kwa chini ya saa moja, kisha ikalinganisha majibu. Kilicho salama ni kumpa kila mshiriki msimbo wa kubahatisha usiotokana na namba yake kabisa. Jedwali linalounganisha msimbo na mtu liwekwe kwenye faili tofauti, kifaa tofauti, kwa usimbaji fiche (yaani lisisomeke bila ufunguo wa siri), na lifunguliwe na watu wawili tu wanaotajwa kwenye andiko la utafiti. Tarehe ya kuliteketeza iandikwe humo humo, kabla ya kukusanya chochote.

Vipimo vya mahali navyo vipunguzwe. Desimali nne za latitudo huonyesha eneo la takribani mita 11, yaani nyumba ya mtu. Desimali mbili huonyesha takribani kilomita moja, na kwa maswali mengi ya utafiti hiyo inatosha. Tarehe ya kuzaliwa iwe kundi la umri. Mchanganyiko wowote wa sifa unaobeba watu chini ya watano uunganishwe na mwingine au uondolewe. Hata hivyo tano si kinga kamili: ikiwa wote watano wana ugonjwa uleule, anayejua kuwa jirani yake yumo kwenye kundi hilo ameshajua ugonjwa wake.

Ridhaa nayo haipatikani kwa kuficha sentensi ndani ya masharti ya matumizi. Utafiti wa Facebook uliochapishwa mwaka 2014 ulibadilisha machapisho waliyoonyeshwa watumiaji 689,003 kwa wiki moja ili kupima hisia zao, kwa hoja kwamba walikwishakubali sera ya data. Jarida lililouchapisha lililazimika kutoa tamko la wasiwasi kuhusu ridhaa hiyo. Fomu nzuri hutenganisha maswali: unakubali kushiriki? Unakubali data zako zigawiwe watafiti wengine? Unakubali zitumike kufunza mifumo ya akili unde? Swali la tatu linahitaji maelezo ya kweli, maana data zikishafunza mfumo ni vigumu sana kuzing'oa. Mshiriki aambiwe waziwazi mpaka siku gani anaweza kujitoa na nini hakitarudi nyuma.

Na kwamba machapisho yako wazi mtandaoni hakumwondolei mtafiti wajibu wa kupeleka andiko lake kwenye kamati ya maadili. Aliyeandika kwa ajili ya rafiki zake hakuandika kwa ajili ya jedwali la mtu asiyemjua. Ukimnukuu neno kwa neno, yeyote atakayeiweka nukuu hiyo kwenye kitafutio anaweza kumfikia. Kwa hiyo ifafanue kwa maneno mengine.

Kabla ya kutoa data, mkabidhi mwenzako asiye kwenye mradi, aliyesaini ahadi ya kutunza siri, nakala ya mwisho kwa siku moja, ajaribu kumtambua mtu yeyote akitumia taarifa zilizo wazi mtandaoni. Akimpata hata mmoja, usiichapishe kwa umma: rudi kwenye vipimo na makundi, au wape watafiti wanaoihitaji kwa mkataba unaowazuia kuwatafuta washiriki.