Mapambo ya Krismasi ya mkono: dhana potofu na ukweli wake

Vifaa ni vya bei nafuu: unga, chumvi, kamba ya katani, matawi makavu, koni za msonobari, gundi na vanishi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni maji yaliyobaki ndani ya kitu, na Desemba ya pwani, yenye joto na hewa nzito, huyaongeza badala ya kuyapunguza.

"Unga wa chumvi ukianikwa juani siku mbili unatosha."

Hautoshi. Donge lenyewe ni rahisi kutengeneza: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji takriban robo tatu ya kikombe, uyatie kidogo kidogo. Kanda dakika 10 hadi liwe gumu kuliko la chapati na lisigande mkononi. Sukuma unene wa milimita 5, kata maumbo kwa kisu au mdomo wa kikombe, kisha toboa tundu kwa mrija wa soda, milimita 8 kutoka ukingoni. Likikaa karibu zaidi ya hapo, uzi utapasua ukingo siku ya kutundika. Unga uliochanganywa na beking pauda kiwandani usiutumie: nyota itatoka kama andazi.

Jua hukausha uso wa juu kwanza, na upande wa chini unabaki mbichi. Pande mbili zinasinyaa kwa kasi tofauti, pambo linapinda. Oveni ya nyuzi 100 hufanya kazi vizuri kwa saa 2 hadi 3, ukigeuza kila nusu saa. Kwenye nyuzi 180 maji huchemka ndani, yanatokea malengelenge na rangi inageuka kahawia. Mwenye jiko la mkaa atandaze mchanga mkavu wa vidole viwili ndani ya sufuria, aweke sahani ya bati juu yake, makaa machache chini na machache juu ya mfuniko. Kujua kama limekauka, ligeuze: likiwa na doa jeusijeusi katikati ya mgongo, bado. Lililokauka lina rangi moja na hulia likigongwa kwa ukucha.

Hata likikauka hivyo, chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Pambo lililoachwa bila vanishi Tanga au Mombasa linaweza kulainika kabla hata ya sikukuu. Paka matabaka mawili, mbele, mgongoni, ukingoni na ndani ya tundu. Watu husahau tundu, na unyevu hupitia hapohapo. Tundika juu, mbali na mbwa, maana chumvi iliyomo inaweza kumuua akilitafuna.

"Tawi bichi ni laini, ndilo la kukata vipande vya duara."

Ni laini kweli kwa msumeno, na ndilo litakalopasuka. Mti ukikauka husinyaa kufuata mzingo wa duara takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kitovuni kwenda kwenye gome. Kipande hakina pa kutolea mvutano huo, kwa hiyo hufunguka ufa mmoja mkubwa kutoka kitovuni. Ukikitia ndani ya oveni ili kiwahi, unauharakisha ufa.

Tafuta tawi lililokwisha kukauka, au kata bichi vipande virefu vya sentimita 30 na zaidi, paka rangi nzito kwenye ncha zote mbili ili maji yasitoke haraka, kisha laza kivulini penye upepo kwa miezi kadhaa. Ndipo ukate duara za unene wa sentimita 1. Tawi la upana wa sentimita 4 au 5 husumbua kidogo kuliko nene. Mwembe na mkorosho uviogope vikiwa vibichi, kwani utomvu wake huwasha ngozi. Ufa mwembamba mmoja, kwa maoni yetu, si kasoro. Kazi ya kienyeji inauvumilia vizuri.

"Koni iliyofumba imeharibika."

Misonobari mingi iliyopandwa Sao Hill, Mufindi, ni ya aina ya Pinus patula, ambayo koni zake zinaweza kukaa mtini zimefumba kwa miaka hadi zipate joto. Zipange juu ya karatasi ya foili, oveni nyuzi 100, nusu saa hadi saa nzima, na usiondoke jikoni: utomvu unaoyeyuka unashika moto. Joto hilo pia huua wadudu waliojificha kwenye magamba. Koni iliyofunguka ikiloa hufumba tena, ikikauka hufunguka, kwa hiyo iliyooshwa haijaharibika. Iache ikauke tu.

"Gundi kali ndiyo bora kwa kila kitu."

Supa gluu ikigusa pamba au kitambaa cha pamba hupata joto ghafla, hutoa moshi na inaweza kuunguza vidole. Kwa kitambaa, kamba na mbao tumia gundi nyeupe ya mbao, bana kwa vibanio vya nguo na uache hadi kesho yake. Gundi ya moto ni ya haraka, ila hulegea mapambo yakiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwenye kifuu cha nazi hakuna gundi itakayoshika vizuri kabla ya kukipiga msasa.

"Kamba ya katani haihitaji matunzo."

Zao hili lilifika Tanga mwaka 1893 kupitia Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, na uzi wake ni imara sana, lakini ncha yake hufumuka papo hapo. Paka gundi nyeupe sehemu ya sentimita 2, isubiri ikauke, ndipo ukate katikati ya sehemu hiyo. Katani iliyoloa hupata madoa na kuvu, na iliyokauka hushika moto upesi, kwa hiyo usiipitishe karibu na mishumaa wala balbu za zamani zinazochemka. Taa za LED hupata joto dogo zaidi. Baada ya sikukuu, funga kila pambo kwa gazeti kavu na uliweke kwenye kopo lenye mfuniko, maana panya hula ya unga.