"Phrasal verb" si kila kitenzi chenye kihusishi

Mtu akiandika "discuss about the budget", anayemsahihisha humwambia: hiyo ni phrasal verb, ikariri tu. Akiuliza kwa nini ni "depend on" na si "depend to", jibu ni lilelile. Hata "married to" imeshaitwa hivyo, ingawa "married" pale ni kivumishi. Jina limekuwa kapu la kutupia kila kineno kidogo cha Kiingereza kinachosumbua. Katika mifano hiyo mitatu hakuna phrasal verb hata moja.

Maana zenyewe ni fupi. Kihusishi ni neno linalotangulia nomino au kiwakilishi na kukihusisha na neno jingine katika sentensi: "on" katika "depend on the rains". Phrasal verb, kwa maana yake kali, ni kitenzi pamoja na kielezi kidogo vinavyofanya kazi kama neno moja: "turn off", "give up", "look up" kwa maana ya kutafuta neno kwenye kamusi. Shida ni kwamba vineno vyenyewe vinafanana. "Up", "on", "off" na "in" huweza kuwa vihusishi leo na vielezi kesho, na kwa kuvitazama tu huwezi kujua.

Mchanganyiko huu ni wa zamani. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alisema vitenzi vinavyobadilishwa maana na kineno cha nyuma ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine. Orodha aliyotoa inaweka "fall on" na "break off" pamoja, ingawa tabia zao katika sentensi hazifanani. Jina "phrasal verb" lilikuja baadaye sana. Lilienea kuanzia mwaka 1925 kupitia Logan Pearsall Smith, mzaliwa wa Marekani aliyeishi Uingereza, naye alisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Tangu hapo vitabu vingi vya wanafunzi vimeweka kila kitu chini yake. Kwa kukariri msamiati hakuna ubaya. Ubaya huanza unapotunga sentensi yako mwenyewe.

Jaribio la kwanza ni la kiwakilishi. Weka "it" mahali pa nomino. Kielezi huruhusu "it" iingie katikati, tena huilazimisha: "look it up", "turn it off". "Look up it" ni kosa. Kihusishi hakiachani na nomino yake: "look at it", "rely on it". Hakuna "rely it on". Mfano unaopendwa na walimu wa sarufi ni "ran up". "He ran up the hill", alipanda kilima mbio, ina kihusishi, kwa hiyo "he ran up it". "He ran up a bill", alilimbikiza deni, ina kielezi, kwa hiyo "he ran it up".

Sikio nalo linasaidia. Katika "look it up" mkazo huangukia "up". Katika "look at it" mkazo hubaki kwenye "look", na "at" hupita kwa haraka kama haipo. Na ukitaka kupenyeza neno kama "heavily", kihusishi kitakuachia nafasi, "rely heavily on him", ila husikii mtu akisema "look quickly up the word". Vile vya maneno matatu, mfano "put up with", vina vyote viwili, kielezi kisha kihusishi, ndiyo maana "it" huja mwisho kabisa.

"Look forward to" iko kwenye kundi hilo la maneno matatu, na hapo ndipo barua nyingi huharibikia kwenye mstari wa mwisho. "To" yake ni kihusishi, haina uhusiano na "to" ya "to go". Kihusishi hudai nomino au kitenzi chenye "-ing". Basi ni "I look forward to hearing from you". "To hear" pale ni kosa.

Sasa "discuss about". Hapa hakuna kielezi wala kihusishi: "discuss" ni kitenzi elekezi, kinapokea yambwa, yaani kitu kinachotendwa, moja kwa moja. Asili yake ni Kilatini "discutere", kutikisa kitu mpaka kitawanyike vipande. Unachokitikisa ni hoja yenyewe, hutikisi kuhusu hoja. "Enter" na "approach" zilitoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa zikiwa zimekwisha kumeza maana ya "ndani" na ya "kuelekea", kwa hiyo "enter the room" inatosha. "Enter into" ipo, lakini ni ya mikataba na mazungumzo.

Inafaa kutazama majina pia. "Preposition", jina la Kiingereza la kihusishi, ni Kilatini, "prae" mbele na "ponere" weka, tafsiri ya neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo: kilichowekwa mbele. Jina hilo linataja mahali pa neno na halisemi kitu kuhusu kazi yake. Kiswahili kilichagua kazi: kihusishi, kutoka kuhusisha, na mzizi wake "husu" ni wa Kiarabu. Jina letu ni zuri zaidi, ila linatudanganya kidogo, kwa sababu kwetu kazi kubwa ya kuhusisha hufanyika ndani ya kitenzi. Kimbia, kimbilia. Lia, lilia. Andika, andikia. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea hubeba kazi ambazo Kiingereza hugawia "for", "to", "at" na hata "with", kama katika kisu cha kukatia nyama.

Ndiyo maana makosa yetu huenda pande mbili. Mahali ambapo kitenzi cha Kiswahili kimeshajitosheleza, tunasahau kihusishi cha Kiingereza: nieleze inazaa "explain me", wakati sahihi ni "explain it to me". Mahali ambapo sisi tuna "kuhusu", "na" au "kwa", tunakihamisha kama kilivyo: kujadiliana kuhusu, kuoana na, kupongeza kwa. Kiingereza kinasema "married to" na "congratulate on". Kwenye habari za mahakamani neno letu "kwa" linatosha kote, mtu akishtakiwa kwa wizi au akilaumiwa kwa wizi. Kiingereza kina "accused of theft", "charged with theft" na "blamed for theft", na hakuna kanuni ya maana itakayokusaidia kuchagua. Kitenzi ndicho kinachochagua. Tena hubadilika ng'ambo ya bahari: Mwingereza hukata rufaa "against the ruling", Mmarekani husema "appeal the ruling" akaishia hapo.

Kuna chanzo kingine cha makosa ambacho husahauliwa. Nomino na kitenzi chenye umbo lilelile hazitumii kihusishi kwa namna moja. "A request for leave" ni sahihi, "request" ikiwa nomino. Ikiwa kitenzi, "for" huondoka: "request leave". Vivyo hivyo "a discussion about land" lakini "discuss land", "emphasis on quality" lakini "emphasise quality", "a visit to Lamu" lakini "visit Lamu", "a lack of water" lakini "lack water". Mtu aliyesoma nomino mara mia kwenye gazeti huibeba pamoja na mkia wake hadi kwenye kitenzi, akiamini anaandika Kiingereza rasmi zaidi. Kamusi nzuri ya wanafunzi hukuonyesha jambo hili kwenye mstari wa kwanza: kwenye "discuss" utakuta "discuss something with somebody". "With" ni ya mtu unayejadiliana naye, na "something" imekaa bila kihusishi kabla yake. Tazama mstari huo kabla ya tafsiri.

Kwa hiyo barua ya kazini inayoanza "I am writing to request for three days' leave" haihitaji kuandikwa upya. Futa "for". Na kama unaipenda sana, sema "to make a request for three days' leave"; hapo ina nomino ya kuishikilia.