Kabla hujamlipa mwongozaji wa kuvua trauti wa asili

Kila ikifika Mei simu yangu haitulii. Jamaa wa Dallas, Minneapolis, hata Nairobi, wanataka kuja Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, na wote huanza na swali moja: mwongozaji ni dola ngapi? Kazi hii naifanya Montana, kwa hiyo nitajibu. Siku nzima ni mamia ya dola, mara nyingi bei ileile kwa mtu mmoja au wawili, na kwa desturi ya huku mteja huongeza bahashishi ya asilimia 15 hadi 20. Ila usitoe hata senti kabla ya kuuliza mengine.

Uliza kibali kwanza. Familia moja ninayoifahamu ilimtumia malipo ya awali mtu waliyempata mtandaoni, na asubuhi ya safari wakagundua hana ruhusa ya kuongoza wageni ndani ya hifadhi. Pesa hawakuziona tena, na watoto walikuwa wameshavaa buti. Hapa Montana mwongozaji hufanya kazi chini ya mtu mwenye leseni ya jimbo, lakini leseni hiyo haimruhusu kuongoza ndani ya Yellowstone. Hifadhi ina kibali chake, na misitu ya taifa inayoizunguka ina chake. Kwa hiyo mtajie mto wenyewe, kisha umwombe nakala ya kibali cha mto huo. Na wewe pia, ukiwa na miaka 16 au zaidi, lazima ukate kibali cha kuvua cha hifadhi. Leseni ya jimbo haitumiki humo ndani.

Halafu mwambie ukweli kuhusu miguu yako. Mto ninaoupenda kuliko yote, Slough Creek, unafikiwa kwa njia ya zamani ya magari ya farasi. Uwanda wake wa kwanza wa nyasi uko takriban kilomita 3 kutoka unapoegesha gari, na mwanzo wa njia ni mlima. Mto uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombasa atahema, na mwongozaji mzuri atapunguza mwendo bila kuombwa. Dawa ya kumpulizia dubu aivae kiunoni, isikae ndani ya begi.

Samaki tunaowafuata ni kathroti, aina ya trauti, wenyeji wa maji haya, wanaotambulika kwa mstari mwekundu chini ya taya, kama alama ya kisu. Sheria inataka kila kathroti anayevuliwa hifadhini arudishwe majini akiwa mzima. Ndiyo maana ndoana zetu hazina kijino, na ndiyo maana nina kipimajoto mfukoni. Maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi trauti anaanza kuelemewa, na ukimchosha wakati huo anaweza kufa hata baada ya kuogelea akaondoka. Muulize mwongozaji wako: mchana wa Agosti maji yakipata joto, tutafanyaje? Akikujibu kwamba mtaendelea tu kwa kuwa umeshalipia siku nzima, tafuta mwingine.

Mwaka juzi nilimpeleka Slough mzee mmoja wa Karatina, aliyekuja kumtembelea binti yake. Ujanani alivua trauti katika mito inayoshuka Mlima Kenya. Tulifunga panzi bandia, akamrusha karibu na ukingo wenye nyasi. Kathroti akapanda taratibu kutoka kwenye kivuli, pua ikatokeza, na mzee akavuta. Panzi akarudi mtupu. Nikamwambia, "Mzee, huyu hana haraka. Mwache afunge mdomo kwanza." Mara ya tatu akangoja, na ufito ukapinda.

Saa saba mchana alimpata mwingine, mwenye ncha nyeupe kwenye mapezi na madoa hadi kichwani. Mstari wa chini ya taya ulikuwa umefifia. Akafurahi sana: "Huyu ni wa kwetu!" Kweli, damu ya trauti upinde-wa-mvua ilikuwamo, jamii ileile iliyopelekwa Kenya na wakoloni. Nikamweleza kwamba hapa jamii hiyo ni ya kuletwa pia, na huzaana na kathroti hadi kathroti halisi akapotea mtoni. Katika bonde la mto Lamar, kuanzia daraja lake kwenda juu mtoni, pamoja na Slough, sheria inataka upinde-wa-mvua na machotara wao wauawe. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamgeuza samaki kwenye wavu, ndani ya maji, nikamwonyesha pezi, kichwa, kisha taya. Akaangalia mwenyewe, akavua kofia, akaomba jiwe.

Kipimajoto kilisoma 19. Tukakunja mishipi.