Kusi ikichacha Malindi, ipe bahari mgongo: kuvua na flai ufukweni

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano nawaona jamaa wanaovua na flai huku Malindi wanafunga rodi zao kwa mfuko na kuziweka juu ya kabati, ati wangoje kusi itulie mwezi wa tisa, na kila mwaka nasema jamani mnaacha samaki bure. Mi miezi hiyo ndio nashika kolekole karibu kabisa na miguu yangu.

Kwa wasiojua, flai ni chambo cha kutengeneza, manyoya na nyuzi zimefungwa kwa ndoana, hakina uzito wa maana kwa hivo huwezi kukitupa vile unatupa mshipi wa chubwi. Kinachoruka hewani ni mshipi wenyewe, ule mnene, flai inaufuata tu nyuma. Sasa upepo ukishika mshipi mnene hewani, ndio shida zetu zinaanza.

Lakini shida si nguvu ya upepo peke yake, shida ni unatokea bega gani. Hili watu wengi hawaliangalii. Ufuo wetu unatazama mashariki, kusi inatoka kusini mashariki, so ukisimama unatazama bahari inakupiga bega la kulia. Ukiwa unatumia mkono wa kulia, kila ukirusha, upepo unauleta mshipi kichwani mwako. Kaskazi ikija mwezi wa kumi na mbili inatoka bega la kushoto, inausukuma mshipi mbali na wewe, ndio unaona mtu huyo huyo Januari anarusha vizuri na Julai anajikaba shingo. Wa mkono wa kushoto ni kinyume, nyinyi kusi ni msimu wenu.

Mi nilijifunza kwa damu. Mwaka wangu wa kwanza nilirusha kwa hasira upepo umekaza, ndoana ikaingia nyuma ya sikio, na ilikuwa na kile kimwiba cha kuzuia isichomoke, ikabidi daktari aipasue itoke. Toka siku hiyo kila ndoana yangu naibana kimwiba na koleo kabla sijatoka nyumbani, na kofia na miwani sivui hata jua likiwa halijatoka. Tafadhali nanyi mfanye hivo, jicho halina spea.

Aliyenipa dawa yenyewe ni mzee mmoja wa kimia. Nlikuwa nimesimama maji ya magoti napigana na upepo, yeye yuko kando na kimia chake begani. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akanitazama kidogo alafu akauliza, "Mwanangu, hao samaki wako wako huko mbali kote?" Akageuka akaupa upepo mgongo, akangoja wimbi livunjike, akarusha kimia hatua tano tu kutoka aliposimama, akatoa mkizi sita au saba wanapigapiga mchangani. Nikaelewa mambo mawili pale pale. Mkizi wadogo kusi inawasukuma kwenye ule mfereji kati ya fungu la mchanga na ufuo, na kolekole anawafuata humo humo. Alafu hakuna sheria inasema lazima urushe ukitazama bahari.

Kwa hivo geuka. Tazama nchi kavu, minazi iko mbele yako, bahari iko mgongoni. Sasa upepo unatoka nyuma upande wa kushoto na mkono wako wa kulia uko salama, mshipi unapeperushwa mbali na mwili. Rusha mbele kuelekea minazi, juu kidogo (angalia hakuna mtoto wala mpita njia), alafu ule mrusho wa nyuma ndio unauachilia uende baharini, chini, kama unataka kuugonga uso wa maji, na uelekeze kaskazini kidogo ndio usikabiliane na upepo uso kwa uso. Simamisha rodi ghafla ndio kitanzi cha mshipi (ule mkunjo wake ukiwa hewani) kiwe chembamba, kitanzi kipana upepo unakibeba kama tanga. Na usipungepunge hewani mara tano sita, mara mbili inatosha. Mita kumi na mbili ukifika umefika.

Vifaa sitasema sana. Rodi namba 9 au 10 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), 8 iache ya kaskazi, manake mshipi wa namba 10 mita 9 zake za kwanza zina kama gramu 18 na wa namba 8 hazifiki 14, na uzito ndio unapasua upepo. Kipande cha nailoni cha mwisho kikate kiwe futi 6, sio 9. Flai yangu ni Clouser Minnow nyeupe, ile Bob Clouser wa Marekani aliibuni miaka ya 80 kwa samaki wa mtoni, ina macho mawili ya chuma kwa hivo inashuka chini ya povu haraka. Lakini hayo macho yakikupiga kisogoni utayajua.

Kitu ambacho siwezi kutoka bila ni beseni. Beseni ya plastiki ya kawaida ya sokoni, nimeitoboa chini na msumari wa moto maji yatoke, nikasimamisha vipande vya nailoni nene ndani kama miiba, nikaifunga kiunoni na kamba. Mshipi unaouvuta unaingia humo. Bila beseni wimbi linauchukua, linauzungusha miguuni na majani ya bahari, na unapotaka kurusha tena unakuta fundo.

Wakati: maji yakijaa, asubuhi mapema, manake ikifika saa nne upepo unakaza zaidi. Na kusi ina zuri lake hapa, matope ya mto Sabaki inayasukuma kaskazini kuelekea Mambrui, kaskazi ndio inayaleta kwetu. Upande wa Casuarina ni hifadhi ya bahari, imewekwa tangu 1968, huko usiguse kitu. Ukiingia majini buruza miguu, samaki taa, wale wa mwiba mkiani, wanalala mchangani.

Flai ikishatua, ncha ya rodi ishushe iguse maji. Wimbi likija kwako linaileta flai na mshipi unalegea, hapo vuta haraka haraka. Wimbi likirudi ngoja, mshipi unajikaza wenyewe na flai inatembea na maji kama mkizi aliyeshindwa. Hapo ndipo kolekole hupiga, na ukihisi usiinue rodi hata kidogo, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mrefu, mpaka usikie uzito umesimama.